Mpe Mtoto Tuta Lake

Yanipasa kuanza kwa kukiri kosa. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Kurani hapa Tanga, na watu huniletea watoto wao niwafunze adabu na subira. Lakini subira ya kulima pamoja na mtoto nilifunzwa na mjukuu wangu wa miaka sita.

Mwanzoni mwa masika nililima matuta mawili nyuma ya nyumba, nikapanda kunde na bamia. Siku ya pili, niliporudi kusali Alasiri, nilimkuta amechutama, vidole vimejaa udongo, amezifukua mbegu na kuzipanga juu ya jiwe. Nikamkemea kwa ukali hata akalia. Alipotulia akasema, “Babu, nilitaka kujua kama zimelala au zimekufa.” Tangu hapo hakutaka tena kukanyaga bustanini.

Usiku ule nilijuta. Mbegu hupatikana sokoni, bali hamu ya mtoto iliyovunjwa hainunuliwi popote. Tena swali lake lilikuwa swali la mwenye kutafuta elimu. Twawaamuru watoto wasubiri, wala hatuwaonyeshi kinachosubiriwa.

Asubuhi nikachukua punje tano za kunde, nikazilaza katika kitambaa kilicholowa maji, juu ya sahani. Nikamwambia afunue atakapo. Siku ya tatu vilitokeza vimizizi vyeupe, naye akanijia mbio: “Babu, hazijafa!”

Basi nikampa tuta lake mwenyewe, upana wake mita 1, ili mkono wake ufike katikati kutoka kila upande asikanyage miche. Kwa mtoto mdogo hapana mboga ifaayo kuliko mchicha, kwa kuwa humea kwa muda wa siku chache, na baada ya wiki 3 au 4 huchumwa. Mbegu zake ni ndogo mno. Zichanganywe na mchanga mkavu, zinyunyizwe katika vifereji, zifunikwe kwa udongo mwembamba. Samadi na iwe imeoza barabara, maana ile mbichi huunguza mizizi na huchukua vijidudu vya maradhi. Mtoto aoshe mikono kwa sabuni kila atokapo bustanini. Kwa kumwagilia, kopo lililotobolewa kwa msumari latosha, asubuhi na jioni.

Kando ya mchicha tulipanda kunde. Majani yake machanga ni mboga, na katika mizizi yake mna vifundo vyenye bakteria wavutao naitrojeni ya hewani na kuistawisha ardhi. Tulipong’oa mche mmoja nikamwonyesha vifundo hivyo, na safari hii kufukua kulikuwa darasa.

Siku moja kuku wa jirani waliingia wakala mstari mzima wa mchicha. Mtoto alikasirika, akaokota jiwe. Nikamzuia, nikamweleza mafundisho ya Mtume (s.a.w.), kwamba Mwislamu akipanda mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Akafikiri kidogo, akauliza, “Hata kuku wa jirani?” Nikamjibu, “Hata hao.” Kisha tukaenda pamoja kukata makuti ya kujengea ua, kwani sadaka haimzuii mtu kutunza mali yake.

Mchicha uliobaki aliuchuma yeye, mama yake akaupika kwa tui la nazi. Mtoto aliyekuwa akisukuma mboga kando ya sahani alikula, akawagawia na wengine, akimwambia kila mmoja ni wa tuta lipi.

Tuta lake halikunyoka, na magugu yamo. Mara nyingi mkono wangu huwasha nilinyoshe, nami hujizuia. Mwenyezi Mungu atujaalie subira, na sisi wazee tuwe wa kwanza kuipata. Amin.