Je, Wajua? Uchungu wa Uzazi Haukujua Kafyu

Je, wajua kwamba kwa miezi mitatu ya mwaka 2020 Kaunti ya Machakos ilikatwa vipande viwili? Jioni ya Aprili 6 serikali ilifunga Nairobi na viunga vyake kuzuia korona, na mstari wa kufungia ukapita ndani ya Machakos. Athi River na Katani zikahesabiwa upande wa Nairobi, mji wa Machakos wenyewe ukabaki nje. Mama mjamzito wa Athi River aliyezoea kwenda kliniki katika Hospitali ya Machakos Level 5 alijikuta ana kizuizi cha polisi njiani, ingawa hakuwa akitoka katika kaunti yake. Njia ilifunguliwa tena Julai 7. Miezi mitatu ni theluthi nzima ya mimba.

Kafyu ilikuwa imetangulia, tangu Machi 27: kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, kila mtu nyumbani. Nani angemtafutia mzazi gari kule Masinga au Yatta usiku, wakati hata wa bodaboda amefungiwa kwake? Na usiku ndio wakati ambao watoto wengi hupenda kuja. Uchunguzi wa zaidi ya vizazi milioni 5 nchini Uingereza ulionyesha kwamba uchungu ukiachwa uanze na uendelee wenyewe, watoto huzaliwa zaidi kati ya saa saba usiku na alfajiri, na kilele chake ni kama saa kumi. Wakunga wetu wa jadi hawakuhitaji takwimu hizo. Waliopanga saa za kafyu walizihitaji sana.

Aliyeliona pengo hilo mapema ni Dkt. Jemimah Kariuki, daktari aliyekuwa akisomea uzazi na magonjwa ya wanawake jijini Nairobi. Aliona wadi ya wazazi ikipungua watu, huku wanaofika wakifika wamechelewa. Akaandika mtandaoni kwamba yuko tayari kuwasafirisha akina mama usiku. Tangazo hilo dogo likazaa Wheels for Life: mama alipiga 1196 bila malipo, akazungumza na daktari, na akihitaji hospitali alitumiwa teksi au ambulensi. Binafsi nalihesabu miongoni mwa mambo mema zaidi yaliyofanywa nchini mwaka ule.

Je, wajua kwa nini korona humlemea mjamzito kuliko dada yake asiye na mimba? Mimba ikikua, mfuko wa uzazi huusukuma juu msuli ulio chini ya mapafu kwa karibu sentimita 4, nayo mapafu hubaki na nafasi finyu ya kutanuka. Wakati huohuo mwili unadai oksijeni zaidi, takriban asilimia 20, kwa kuwa unawalisha wawili. Damu nayo hujiandaa kwa kujifungua kwa kuganda upesi, ili mama asivuje sana. Korona ikiingia hushambulia mapafu yaleyale na kuigandisha damu ileile. Ni kama mgeni mbaya aliyekuta mlango uko wazi.

Mwaka 2022 watafiti wa Kiafrika walitoa matokeo ya wanawake 1,315 waliolazwa hospitalini katika nchi 6, Kenya na Uganda zikiwemo. Miongoni mwa waliokuwa na korona, hatari ya kufa kwa wajawazito ilikuwa maradufu ya wale wasio na mimba. Kabla ya hapo, mwaka 2021, utafiti wa nchi 18 ulikuwa umeonyesha kwamba korona huongeza pia uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati, na wa shinikizo la damu linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba.

Hapo kwenye kifafa cha mimba kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Korona kali inaweza kuiga dalili zake: presha kupanda, ini kuvurugika, chembe za kugandisha damu kupungua. Daktari anaweza kuwa mbele ya ugonjwa mmoja akadhani ni mwingine, na tiba hazifanani. Kwa hiyo ile presha inayopimwa kila ziara na kuandikwa katika Kitabu cha Mama na Mtoto si desturi tu ya kliniki. Bila kujua ilikuwaje mwezi jana, leo utasomaje?

Je, wajua kwamba kirusi kinaweza kumuua mtoto tumboni bila hata kumgusa? Korona huvuka mara chache sana hadi kwa kijusi. Ila mara nyingine hushambulia kondo la nyuma, ambalo ndilo shamba la mtoto: humo hupata hewa na chakula chote. Nyuzi za damu iliyoganda hujaa humo, chembe hai zikafa, na kondo likakauka kama shamba la Yatta lililokosa misimu miwili ya mvua. Wataalamu waliochunguza makondo ya watoto 68 waliokufa, kutoka nchi 12, walikuta kwa wastani zaidi ya robo tatu ya kondo imeharibika. Watoto walikufa kwa kukosa hewa. Hakuna hata mama mmoja wa watoto hao aliyekuwa amechanjwa.

Si kila maambukizi huishia huko, na sitaki mama anayesoma haya akose usingizi. Nchini Marekani, katika vizazi zaidi ya milioni 1.2, kati ya wanawake 10,000 wasio na korona wakati wa kujifungua, 64 walizaa mtoto mfu. Kwa wenye korona walikuwa 126. Kirusi aina ya Delta, ambacho hapa Kenya kilibainika Kisumu mwezi Mei 2021, kilipotawala Marekani, hatari huko ikawa mara nne.

Chanjo zaidi ya milioni 1 za kwanza zilitua Nairobi Machi 3, 2021. Wajawazito hawakuwa wameshirikishwa katika majaribio makubwa ya mwanzo, ndiyo maana walibaki na maswali yasiyo na majibu, na uvumi ukajaa pale palipokosa maelezo. Majibu yalikuja baadaye, na ni mazuri. Kinga ya mama aliyechanjwa hupita kwenye kondo lilelile hadi kwa mtoto, nyingine hupatikana katika maziwa yake. Watafiti wa Marekani walikuta kwamba mama akichanjwa akiwa mjamzito, uwezekano wa kichanga wa chini ya miezi 6 kulazwa kwa korona hupungua kwa asilimia 61. Ni zawadi ambayo mtoto hupewa kabla hajapewa jina.

Machakos ilifungiwa tena Machi 2021, safari hii kaunti nzima pamoja na Nairobi, Kiambu, Kajiado na Nakuru, kafyu ikianza saa mbili usiku. Kafyu yenyewe iliondolewa nchini Oktoba 20, 2021, Siku ya Mashujaa. Usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya karibu miezi kumi na tisa, mama aliyeshikwa na uchungu saa kumi alfajiri pale Kyumbi alihitaji kutafuta jambo moja tu: gari.