Huna fedha za matibabu? Usiondoke na mgonjwa, muone ofisa ustawi

Daktari ameagiza mtoto wa miaka saba alazwe. Mama anauliza gharama, anahesabu noti alizofunga kwenye pindo la khanga, kisha anambeba mwanawe na kuondoka kimya kimya. Hajui kwamba hapo hapo hospitalini kuna ofisi ambayo ingeweza kumsaidia: ustawi wa jamii.

Wengi wetu tunaijua ofisi hii kwa ugomvi wa matunzo ya watoto, wazazi wanapotengana. Kazi yake ni zaidi ya hapo.

Nchini, huduma za ustawi zilianza wakati wa ukoloni wa Waingereza, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, zikiwalenga askari waliorejea kutoka vitani. Baada ya uhuru zilipanuka hadi kwa watoto, wazee, watu wenye ulemavu na familia maskini. Mwaka 1973 ikaanzishwa kwa sheria Taasisi ya Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, inayofundisha wataalamu wa kazi hiyo.

Umuhimu wa ofisi hii hospitalini uliongezeka miaka ya 1990, wananchi walipoanza kuchangia gharama za matibabu. Sera iliweka msamaha kwa wajawazito, watoto chini ya miaka mitano na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Na yule asiye kwenye makundi hayo lakini hana kitu? Huyo ndiye ofisa ustawi humhoji, kupima hali yake na kupendekeza msamaha.

Ofisa huyo pia humsaidia mgonjwa aliyetelekezwa wodini, na daktari akiona majeraha ya mtoto yanayotia shaka, humhusisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imewapa maofisa ustawi jukumu la kumlinda mtoto.

Ufanye nini? Mwambie muuguzi mapema kwamba huna uwezo, usisubiri siku ya kuruhusiwa. Omba kuonana na ofisa ustawi. Ndugu mmoja afuatilie barua ya utambulisho kwa mtendaji wa mtaa au kijiji. Eleza ukweli, kwa kuwa msamaha haupewi kila anayeomba.

Ukiona mtoto anayefanyiwa ukatili, piga 116, simu ni bure.

Kukosa fedha si aibu. Kuondoka na mgonjwa ni hatari.