Matope mazito, gazi inapanda juu



Mama anayepika bukari alijua jambo hili mbele ya munganga. Maji matupu yakichemka, mapovu ni madogo na mengi. Akiisha kutia unga, mapovu yanakuwa makubwa na machache, yanapasuka na kurusha uji wa moto mukononi. Moto ni ule ule. Kilichogeuka ni unga ulio ndani ya maji.

Katika tanki ndefu za kuyeyushia kobalti inakuwa vilevile. Mawe meusi ya Kolwezi, yanayoitwa heterojeniti, hayayeyuki vizuri katika asidi peke yake. Kwa hiyo yanasagwa, yanachanganywa na asidi, na chini ya tanki inaingizwa gazi ya sulfuri, SO2. Gazi hiyo inapaswa kuingia majini ingali njiani kupanda, na mulango wake ni ngozi ya povu. Povu moja lenye upana wa milimita 6 likigawanyika kuwa 8 ya milimita 3, gazi haikuongezeka, lakini ngozi imekuwa mara 2. Tena povu dogo linapanda polepole.

Sasa utie unga laini wa mawe kwa wingi. Matope yanakuwa mazito, mapovu yanakutana na kuungana, na povu kubwa linakimbia juu na gazi yake ingali tumboni. Si kila punje ni adui: vijiwe vikubwa vinaweza kupasua mapovu, na unga kidogo sana mara nyingine unasaidia. Matope mazito, hapana. Na kufungua gazi zaidi ili kazi iende mbio hakusaidii sana: ile inayozidi inatoka juu ya tanki, hapo munaposimama.

Hapo jambo linafika lupitalo. SO2 ikikutana na unyevu wa macho, pua na koo, inageuka asidi. Macho yanachoma, kifua kinabana. Mwenye pumu anaumia kwa kiasi ambacho mwenzake hakisikii hata kidogo. Na kwa kuwa ni nzito kupita mupepo zaidi ya mara 2, inashuka na kukaa katika mashimo. Tena pua inazoea upesi, basi musiipime gazi kwa harufu.

Mukiona juu ya tanki mapovu makubwa yanayoruka, muambieni kapita, uzito wa matope upimwe mbele ya kugusa gazi. Maski iwe ya gazi. Ile ya vumbi haizuii SO2.

Aliyevuta gazi apelekwe penye mupepo safi, na anayemutoa avae maski yake kwanza. Mukalishe, usimulaze. Macho yaoshwe kwa maji safi dakika 15. Kisha aletwe lupitalo, hata akisema amepona, kwa sababu maji yanaweza kujaa mapafuni saa nyingi nyuma, yeye akiwa amelala nyumbani. Mama, bwana yako akianza kupumua kwa shida usiku, ao midomo ikigeuka rangi ya buluu, usingoje asubuhi.