Njia za Hewa Katika Nyumba

(Ngoma. Kisha sauti ya mwalimu.)

Kama taa imewashwa na kila mtu ana kalamu na daftari, na tuanze.

Leo sitasema habari za pamba wala za ng'ombe. Leo nina barua. Imeandikwa na mama mmoja wa kikundi cha Kabasa. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo mwaka jana asingeliweza, na herufi zake zasomeka kuliko za karani mmoja ninayemfahamu. Mama huyu anasema kwamba nyumba yake ni ya matofali ya kuchoma na mabati. Kila wakati wa masika kuta za chumba cha kulala huota ukungu mweusi, ule ambao wengine huuita koga. Mjukuu wake wa miaka 4 analala katika chumba hicho, naye hukohoa usiku. Mwanawe aliyeko Mwanza ameona katika simu tangazo la watu wanaosafisha njia za hewa za nyumba kwa mashine. Akamwambia, "Mama, uza mbuzi mmoja, nami nitaongeza, tuwaite watu hao." Sasa mama anauliza: Mwalimu, niuze mbuzi?

Mama, shikamoo. Nitakujibu, lakini kwanza yatupasa kujua ni njia gani za hewa zinazosemwa katika tangazo hilo.

Katika nchi za baridi kali, na pia katika nchi za joto kali kama zile za Ghuba ya Uajemi, nyumba nyingi hufungwa kabisa. Madirisha hayafunguliwi miezi mingi. Mashine moja huipasha moto hewa, au huipoza, kisha hewa hiyo husukumwa ndani ya mifereji ya bati iliyofichwa darini. Mifereji hiyo huipeleka chumba kwa chumba, kama mfereji upelekavyo maji shambani. Baada ya miaka, vumbi huingia humo. Panya huweza kuingia pia. Ndipo huitwa mafundi wenye mashine ya kufyonza vumbi na brashi ndefu. Hiyo ni kazi ya kweli. Hata hivyo, idara ya serikali ya Marekani inayolinda mazingira imewaambia wananchi wake kwamba haijathibitika kuwa kusafisha mifereji hiyo kunazuia maradhi. Inashauri isafishwe pale ambapo ukungu unaonekana kwa macho, au wadudu na panya wameingia, au vumbi limejaa mpaka linatoka vyumbani.

Wala msidhani kwamba mitambo ya hewa ni jambo dogo. Mwaka 1976, katika mji wa Philadelphia huko Marekani, wazee waliokuwa askari zamani walifanya mkutano katika hoteli kubwa. Waliohudhuria wakaanza kuugua mapafu. Zaidi ya 180 waliugua, na 29 kati yao wakafa, na madaktari hawakujua ni ugonjwa gani. Mwezi Januari 1977 mtaalamu aitwaye Joseph McDade akavigundua viini vyake. Viini hivyo hupenda maji ya vuguvugu, na huweza kuzaana ndani ya mitambo mikubwa ya kupozea hewa isiyotunzwa. Kwa hiyo mwenye hoteli au hospitali yenye mitambo ya namna hiyo asifanye mzaha. Na kama ofisini kwenu mna kiyoyozi kidogo cha ukutani, fungueni kifuniko, toeni ule wavu wa ndani, uosheni kwa maji na sabuni, ukauke ndipo urudishwe. Kazi hiyo haihitaji fundi.

Lakini nyumba ya mama huyu haina mifereji darini. Haina hata dari. Mtu hawezi kusafisha mfereji asio nao. Basi mama, mbuzi abaki zizini.

(Ngoma fupi.)

Je, somo limekwisha? La. Kwa sababu nyumba ya Kabasa nayo ina njia zake za hewa. Andikeni: mlango, dirisha, matundu yaliyo juu ya dirisha, na mwanya ulio kati ya ukuta na paa. Hizo ndizo njia zetu. Nazo huziba kama mifereji ya Marekani inavyoziba, na zikiziba, ukuta huota ukungu.

Maji ya ukuta yale yatoka wapi? Wengi husema yatoka ziwani. Ni kweli kwa sehemu. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake hupanda, na upepo wa Ziwa Viktoria huja kuchukua nafasi yake, ukiwa umebeba unyevu. Usiku nchi hupoa upesi, na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Wavuvi wetu wanalijua jambo hili bila kufundishwa na mwalimu. Lakini maji mengi ya ukutani ni yetu wenyewe. Kila pumzi unayotoa ina maji. Sufuria ya uji ina maji. Nguo zilizoanikwa chumbani kwa sababu ya mvua zina maji.

Nunueni soda ya baridi, iwekeni mezani. Baada ya dakika chache chupa hutoka jasho. Je, soda imevuja? La, haikuvuja. Maji yaliyokuwa katika hewa yamekutana na kitu cha baridi, yakawa matone. Sasa fikirini bati saa 10 za usiku. Bati limepoa. Chini yake wamelala watu 5, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, matundu yamezibwa kwa magunia. Pumzi zao zinapanda juu, zinakuta bati la baridi, zinakuwa matone, matone yanashuka ukutani. Ukuta ukikaa na maji kila usiku, ukungu huota. Mbegu za ukungu ni ndogo mno, huruka hewani, nazo huwasumbua watu wenye pumu na watoto wenye vifua vyepesi.

Nyumba za mviringo za babu zetu hapa Mara zilikuwa na paa la nyasi. Nyasi hupenyeza hewa, na moshi wa mekoni ulitoka polepole kwa juu. Tulipohamia kwenye bati tulipata paa lisilovuja, lakini njia ile ya juu ikafungwa. Sisemi turudi kwenye nyasi. Nasema kwamba bati linadai matundu, na mwashi anayejenga bila matundu amejenga nusu ya nyumba.

Najua mnaziba kwa nini. Mnaogopa mwizi, mnaogopa baridi, mnachukia popo, na zaidi ya yote mnaogopa mbu. Katika hili la mbu sitawalaumu hata kidogo. Mbu wa malaria hupenda kuingia usiku kwa mwanya ule wa chini ya paa. Katika nchi ya Gambia watafiti walitia wavu katika milango na madirisha ya nyumba nyingi na kuiziba mianya ya chini ya paa, na katika nyingine walitia dari ya wavu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: mbu wa malaria katika nyumba hizo walipungua kwa karibu nusu au zaidi, na watoto wenye upungufu wa damu walikuwa wachache kuliko katika nyumba zilizoachwa vilevile. Basi dawa ya mbu ni wavu. Gunia huzuia mbu na hewa pamoja. Wavu huzuia mbu, hewa ikapita. Na ndani ya nyumba bado mlale katika chandarua.

Lakini wavu una kazi yake. Hapa ndipo penye kosa ambalo hata sisi wasomi hulifanya. Nilipoanza kazi nilipanga chumba karibu na ziwa. Kilikuwa na matundu mazuri yenye wavu, nami nikajisifu. Baada ya msimu mmoja nikawa naamka kila asubuhi kichwa kizito, na godoro lanuka uvundo. Nikasema ni malaria, nikapimwa, hakuna. Siku moja nikapanda kwenye kiti kutafuta panya, nikautazama ule wavu kwa karibu. Haukuwa wavu tena. Ulikuwa kama blanketi: masizi ya taa, vumbi, utando wa buibui, na wale vijidudu wa ziwani ambao siku nyingine huinuka juu ya maji kama moshi wa kiwanda. Kwa mbali ulionekana mzima. Niliupiga brashi, na usiku ule ule nikasikia upepo. Nilikuwa na diploma ya chuo kikuu, na sikujua kwamba wavu huziba.

(Ngoma fupi.)

Sasa jambo la moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani, yaani wa kuni, mkaa, samadi na mafuta ya taa, ulihusika na vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka 5. Mwaka 2024 serikali yetu ilitangaza mpango wa miaka 10 wa nishati safi ya kupikia, ili kufikia mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 waitumie. Lakini gesi haijafika kila jiko, na chakula lazima kipikwe leo. Basi pikeni nje, au katika jiko lililojengwa mbali na chumba cha kulala, lenye tundu chini na dohani juu. Hewa ya moto hupanda; ikipata njia ya kutoka juu, huvuta hewa baridi kuingia chini. Tundu moja peke yake halifanyi kazi vizuri. Hewa yataka mlango wa kuingia na mlango wa kutoka, kama mgeni.

Na tafadhali sana, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku ili kuota moto. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Walalao hawaamki. Matundu yasiwape moyo wa kujaribu.

Haya, kazi ya kusafisha. Fanyeni mchana, mlango na madirisha yakiwa wazi, watoto wakiwa nje. Funika puani na mdomoni kwa kitambaa. Toa magunia na matambara yote. Piga wavu kwa brashi laini, kisha uufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kama kuna mavi ya popo, usiyafagie makavu. Vumbi lake huweza kubeba kuvu iingiayo mapafuni na kuleta ugonjwa. Nyunyiza maji kwanza, yalowe, ndipo uyaondoe kwa koleo na kuyafukia. Popo wenyewe msiwashike kwa mikono. Ngojeni jioni watoke, ndipo mtie wavu, lakini msifanye hivyo wakiwa na watoto, maana watoto wataoza ndani na harufu yake mtaijua. Ukungu wa ukutani osheni kwa maji ya sabuni na brashi, kisha ukuta uachwe ukauke kabisa. Ukipaka chokaa juu ya ukungu mbichi, umeuvika kanzu tu.

Fundi aitwe lini? Aitwe kama ukuta hauna tundu hata moja. Kutoboa ukuta si kazi ya kubahatisha. Akitoboa pabaya, ukuta wapasuka. Mwambieni atoboe juu, karibu na paa, katika kuta mbili zinazotazamana, na mwanya wa upenu auzibe kwa wavu. Mwizi hawezi kupita katika tundu la upana wa kiganja. Fedha ya wavu ni ndogo kuliko bei ya mbuzi.

Mkimaliza, fanyeni jaribio hili. Washeni kijiti cha udi, mkisimamishe katikati ya chumba, mlango ukiwa umefungwa. Tazameni moshi. Ukienda upande wa tundu na kutoka, njia ipo. Ukisimama wima kisha ukatanda chini ya bati, njia imeziba mahali. Tafuteni.

Nirudi kwa mjukuu. Mama, nimesema habari za ukungu, lakini mimi si daktari, na wala kikohozi chote si cha ukungu. Mtoto akikohoa wiki 2, au akipungua uzito, au akitoka jasho usiku, apelekwe zahanati akapimwe kifua kikuu. Usingoje wavu. Akipumua haraka na kifua kikibonyea, apelekwe siku hiyo hiyo. Na ikiwa kuna mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani, dirisha lake liwe wazi. Utafiti uliofanywa katika hospitali 8 za Lima, nchini Peru, na kutangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba vyumba vya kizamani vyenye dari ndefu na madirisha makubwa yaliyofunguliwa vilipata hewa mpya nyingi kuliko vyumba vipya vyenye mashine za kusukuma hewa.

Wazee waliomo katika vikundi watakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1973, Mtu ni Afya, ambapo watu wapata milioni 2 walikaa katika vikundi kama hiki chenu, wakasikiliza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mada ya leo ni nyepesi kuliko kuchimba choo.

Kazi ya nyumbani. Kila mtu ahesabu matundu ya chumba anacholala, aandike namba katika daftari: mangapi yako wazi, mangapi yameziba, na yameziba kwa kitu gani. Mama wa Kabasa, tuandikie tena baada ya mtoto kupimwa. Wiki ijayo, saa hii hii, tutasoma majibu yenu, kisha tutaendelea na hesabu za kugawanya.

(Ngoma.)