Utangulizi: Karibu Katika Upasuaji wa Jumla

Karibu, daktari kijana unayevutwa na chumba cha upasuaji. Wengi hudhani kazi yetu ni ya mkono tu. Kufunga fundo, kuzuia damu, kushona ngozi bila kuibana: hayo mwenye bidii huyapata mapema. Kinachokula miaka ni kuamua.

Mgonjwa wa ngiri iliyobana amefika usiku, anatapika, uvimbe wa kinena haurudi ndani. Unafungua, unakuta kipande cha utumbo kimegeuka rangi ya zambarau. Usikikate papo hapo. Legeza kilichokibana, kifunike kwa vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, kisha subiri. Wekundu ukirudi, mishipa ikadunda na utumbo ukaanza kujongea, urudishe tumboni. Ukibaki mweusi na kulegea, kata na kuunganisha. Shida ni ule usioeleweka, ambao si mzima wala haujafa. Hapo unamhitaji aliyekutangulia, amesimama upande wa pili wa meza.

Ndiyo maana njia yetu ni ndefu. Tanzania, miaka 5 ya shahada ya udaktari hufuatwa na mwaka wa utarajali, ndipo ubingwa. Unaweza kuusomea chuo kikuu, kama Muhimbili, au kupitia COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka 1999 na chenye makao Arusha. Chuo hiki hakina kumbi za mihadhara: mwanafunzi hufunzwa katika hospitali zilizoidhinishwa, huku akihudumia wagonjwa, kwa miaka 5 hivi. Mimi naipenda sana njia hii, kwani hospitali ya mkoani haipokonywi daktari wake ili afundishwe.

Na mkoani ndiko anakohitajika. Mwaka 2015 kamisheni ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu. Bingwa wa huko hachagui kazi: leo utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, kesho uvimbe wa titi, usiku majeruhi wa bodaboda mwenye bandama iliyopasuka.

Kwa kuwa kuamua hutangulia kukata, sura ya kwanza haina kisu. Inahusu kulipima tumbo kwa mkono: pasha viganja joto, anzia mbali na panapouma, na macho yako yawe usoni pa mgonjwa.