Gitaa kavu na wimbo wa ngoma: Jinsi ya kujifunza 'Maria Salome' bila kuupoteza

WIMBO wa 'Maria Salome' ulioimbwa na Saida Karoli, mzaliwa wa Bukoba, ulivuka mipaka ya Mkoa wa Kagera mwaka 2001 bila kusubiri wasikilizaji wajifunze Kihaya. Watu wa Dar es Salaam, Mwanza na hata nje ya nchi waliucheza harusini, na wengi wao waliuita 'Chambua Kama Karanga' kwa kuwa hayo ndiyo maneno waliyoyaelewa.

Miaka 15 baadaye, yaani mwaka 2016, Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa 'Salome', wimbo uliojengwa juu ya ule wa Saida Karoli na kuufikisha kwa kizazi ambacho hakikuwahi kumiliki kanda yake.

Kwa sababu hiyo, kijana wa Bukoba mjini au wa Muleba anayepata gitaa kavu, lile lisilotumia umeme, ana sababu ya kutaka kuanza na wimbo huu. Ni wimbo wa nyumbani, unajulikana na kila rika, na mtu mmoja anaweza kuupiga akiwa barazani bila spika wala bendi.

Hata hivyo, wengi wanaojaribu hukutana na jambo la kushangaza. Hushika kodi 3 za kawaida, huimba maneno yote bila kukosea, lakini wimbo unaotoka si ule wanaoukumbuka. Unakuwa kama wimbo wa kwaya ya vijana au wa kambi ya shule, na ladha ya ngoma imetoweka.

Tatizo hilo halitokani na ugumu wa vidole. Linatokana na mpangilio wa kujifunza. Wimbo wa ngoma hauanzi na kodi. Huanza na maneno, ukafuata mdundo, kisha sauti moja moja, na kodi huja mwisho kabisa.

Maneno kabla ya nyuzi

Kihaya, tofauti na Kiswahili, ni lugha ambayo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba sehemu ya maana ya neno. Mtunzi wa wimbo wa Kihaya hana uhuru kamili wa kupeleka sauti popote anapotaka, kwa sababu maneno yenyewe yana mwelekeo wake.

Ndiyo maana anayejifunza hana budi kuyatamka maneno kwanza kama mazungumzo, polepole, mbele ya mtu anayekijua Kihaya vizuri. Kwa kijana wa Kagera, mtu huyo mara nyingi ni bibi au babu aliye nyumbani. Kwa aliyezaliwa mijini na kukulia katika Kiswahili, hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ndiyo inayorukwa na wengi.

Akishayajua maneno, ayaimbe akipiga makofi bila kugusa gitaa. Hapo asikilize kama kila pigo kubwa linagawanyika mara 2 au mara 3. Mgawanyo wa 3 hutokea mara nyingi katika ngoma za Afrika Mashariki, na mtu aliyezoea nyimbo za redioni huweza kuulazimisha uwe wa 2 bila kujitambua. Akifanya hivyo, mdundo unakufa kabla uzi wa kwanza haujalia.

Sauti 5 zilizomo ndani ya gitaa

Nyimbo nyingi za asili za Wahaya, kama zilivyo za majirani wengi wa eneo la Maziwa Makuu, hujengwa kwa sauti 5. Kwa waliopita kwenye kwaya za makanisa na kuzoea kuimba kwa do-re-mi, sauti hizo ni do, re, mi, so na la. Fa na ti hazimo.

Gitaa la kawaida lina nyuzi 6. Kuanzia uzi mnene wa juu hadi mwembamba wa chini, nyuzi hizo huwekwa katika sauti za E, A, D, G, B na E. Nyuzi huhesabiwa kuanzia chini, hivyo uzi mwembamba kabisa ni wa 1 na mnene kabisa ni wa 6.

Jambo ambalo walimu wachache hulitaja ni hili: G ikichukuliwa kuwa do, basi A ni re, B ni mi, D ni so na E ni la. Kwa maneno mengine, gitaa ambalo halijabonyezwa popote kwa mkono wa kushoto tayari linazo sauti zote 5, na halina hata moja ya ziada.

Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuutafuta wimbo kwenye nyuzi 3 za chini tu. Do ni uzi wa 3 ukiwa wazi. Re ni uzi huohuo ukibonyezwa kwenye freti ya 2, yaani nafasi ya pili kati ya vile vyuma vidogo vya shingoni. Mi ni uzi wa 2 ukiwa wazi, na so ni uzi huo kwenye freti ya 3. La ni uzi wa 1 ukiwa wazi, do ya juu ni uzi huo kwenye freti ya 3, na re ya juu ni freti ya 5.

Zoezi lenyewe ni kuimba kipande kifupi, kunyamaza, kisha kukitafuta kwenye nafasi hizo 7 kwa sikio. Akikuta sauti ambayo haimo, asiilazimishe iingie. Aiweke ilivyo, kwani sikio ndilo hakimu na si kanuni.

Kwa nini kodi 3 huharibu

Kodi ni sauti 3 au zaidi zinazolia kwa pamoja. Anayeanza gitaa hufundishwa G, C na D, kwa sababu kodi hizo 3 zinatosha kusindikiza mamia ya nyimbo za dini, za shule na za mapenzi.

Lakini kodi ya C ndani yake ina sauti ya C, ambayo kwa aliyeanzia G ni fa. Kodi ya D nayo ina F iliyopandishwa nusu sauti, ambayo ni ti. Hizo ndizo sauti 2 ambazo wimbo wa sauti 5 hauna. Kila zinapocharazwa, zinaingiza rangi ya ugenini, na msikilizaji anahisi kuna kitu kimebadilika ingawa hawezi kukitaja.

Dawa yake ni rahisi. Kodi ya G imejengwa kwa G, B na D, hivyo haina tatizo. Mahali pa C, mpigaji aweke E ndogo, ambayo ina E, G na B, zote zikiwa ndani ya sauti 5. Mahali pa D, asipige kodi nzima. Apige uzi wa 5 na wa 4 pekee zikiwa wazi, yaani A na D, na aiache ti nje.

Kidole gumba kishike ngoma

'Maria Salome' ya mwaka 2001 ina sauti ya kiongozi, waitikiaji na ngoma. Gitaa moja linapaswa kubeba yote hayo, na kucharaza nyuzi zote kwa kipande cha plastiki hakuwezi kuyatenganisha.

Wapigaji wa ukanda huu walikwisha kulitatua jambo hilo zamani. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda wa Katanga akipiga 'Masanga' kwa gitaa kavu peke yake, na wasikilizaji wengi walidhani wanasikia magitaa 2. Siri ilikuwa mgawanyo wa kazi: kidole gumba kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kwenye nyuzi nyembamba. Magharibi mwa Kenya, George Mukabi alitumia mgawanyo kama huo katika mtindo wa omutibo.

Kwa wimbo wa Saida Karoli, kidole gumba kichukue nafasi ya ngoma. Kipige uzi wa 6 ukiwa umebonyezwa kwenye freti ya 3, ambao unatoa G nzito, kisha uzi wa 4 ukiwa wazi, ambao ni D. Zamu hiyo ya do na so iendelee bila kukatika, kama mpiga ngoma asiyejali waimbaji wanafanya nini.

Zoezi hilo lirudiwe mpaka mpigaji aweze kuzungumza huku gumba likiendelea. Baada ya hapo ndipo kidole cha shahada kiongezwe kwenye nyuzi nyembamba kubeba sauti ya kiongozi. Waitikiaji wanapoingia, mpigaji aguse nyuzi 3 au 4 kwa pamoja, ili msikilizaji atambue kwamba sasa ni watu wengi wanaojibu mtu mmoja.

Sauti ya Saida Karoli ni ya juu, na wanaume wengi hawataifikia. Mwenye kutaka kupandisha atumie kepo, kibano kinachobana nyuzi zote kwa pamoja. Kikiwekwa freti ya 2, G inakuwa A na vidole havibadiliki. Mwenye kutaka kushusha alegeze nyuzi zote kwa kiasi kilekile.

Gitaa na mvua za Bukoba

Bukoba ni miongoni mwa miji inayopata mvua nyingi nchini, takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo hupandisha kutu kwenye nyuzi za chuma na kuvimbisha mbao.

Anayenunua gitaa lililotumika alitazame kutoka upande wa tundu hadi kichwani kama fundi anavyokagua ubao, kuona iwapo shingo imepinda. Aangalie pia umbali kati ya nyuzi na shingo: nyuzi zikiwa juu sana, vidole vitaumia na mwanafunzi atakata tamaa akidhani hana kipaji. Kila baada ya kupiga, nyuzi zifutwe kwa kitambaa kikavu.

Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa 3 za Jumapili pekee, kwa kuwa ngozi ya ncha za vidole hukomaa taratibu na mkono hukumbuka kile ulichorudia jana.

Kile kinachoweza kupotea

Kabla ya gitaa, Wahaya walikuwa na enanga, ala iliyochongwa kwa mti mfano wa kihori, yenye uzi unaopitishwa mara kadhaa kutoka ncha moja hadi nyingine na kudonolewa kwa vidole. Kwa enanga, manju kama Habibu Selemani waliimba tendi ndefu, ukiwamo ule wa Rukiza, ambazo mwanazuoni Mugyabuso Mulokozi alizikusanya na kuzichambua.

Manju hakujifunza kwa kusoma majina ya kodi. Alikaa karibu na mkubwa wake, akasikia, akakariri, akaunda upya. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, nyimbo hubaki kwenye kanda na vitabu, lakini hazibaki mikononi mwa watu.

Gitaa kavu linaweza kuwa pingili nyingine ya mnyororo huo, au likawa mahali unapokatikia. Kijana anayepakua kodi 3 kutoka kwenye intaneti na kuridhika atarithi jina la wimbo tu. Anayeanza na maneno ya bibi yake, makofi na sauti 5 atarithi namna ya kusikia, na kwa namna hiyo ataweza kujifunza nyimbo nyingine za Kagera ambazo hakuna aliyewahi kuziandikia kodi.

Lipo pia suala la haki. Kujifunza wimbo wa mtu nyumbani hakumdhuru yeyote. Lakini anayetaka kuurekodi na kuuza, au kuupiga kwenye onesho la kiingilio, ajue kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwenye kazi, hivyo atafute kibali kwanza. Kumtaja mwenye wimbo kabla ya kuupiga ni adabu hata pale ambapo sheria haidai kitu.

Mwanafunzi anayetaka kujua kama amefika ana kipimo kimoja kisichohitaji mwalimu. Ampigie mtu mzima anayeufahamu wimbo huo tangu ulipotoka, asitaje jina lake wala asiimbe neno hata moja. Msikilizaji huyo akianza kuitikia mahali pa waitikiaji, wimbo umehama salama. Asipoitikia, mpigaji aliweke gitaa chini na kurudi kwenye makofi.