Mvamizi Mwenye Sura ya Mwenyeji

Chekecha mchanga wa pwani ya kusini mwa Ziwa Nyasa na huenda ukakutana na konokono mwembamba mwenye gamba lililojipinda hadi kwenye ncha kali. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 2 hadi 3. Rangi ni ya kahawia, na juu yake kuna michirizi ya rangi ya kutu. Mchana hujifukia. Usiku hutoka kula mwani na mabaki ya mimea iliyooza. Wataalamu humwita Melanoides tuberculata. Haenezi kichocho, na spishi hii ina asili Afrika na Asia. Magamba yake ya kale huchimbuliwa hata katika bonde la Turkana. Nani angemtilia shaka?

Mwaka 2004 Martin Genner na wenzake walichapisha matokeo ya kupima vinasaba vya konokono wa ziwa hilo. Ilibainika kwamba baadhi yao si wa huku hata kidogo: ukoo wao ni wa Asia. Makusanyo ya zamani ya magamba kutoka ziwani hayakuwa na magamba yenye umbo la ukoo huo. Maana yake ni kwamba mgeni aliingia miongo michache tu iliyopita, akaenea mbele ya macho ya watafiti, na kila alipookotwa jina lake halikumshtua mtu, kwa kuwa spishi ni ileile inayojulikana kuwa ya Afrika. Orodha ya spishi inaweza kubaki vilevile huku ziwani wenyeji wakipata mshindani mpya. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoyaona makabati ya magamba makuukuu katika majumba ya makumbusho kuwa ni vumbi tu. Bila hayo, ushahidi huu ungekuwa nusu.

Nguvu ya mvamizi iko kwenye uzazi. Karibu wote ni majike, na jike huzaa bila kuhitaji dume. Mayai hayaachwi majini; huanguliwa ndani ya mfuko ulio nyuma ya kichwa cha mama, na mtoto hutoka akiwa na gamba lake kamili, milimita moja au mbili hivi. Pasua gamba la jike mzima uangalie kwa lenzi, utawakuta vitoto wa ukubwa tofauti wamesongamana humo, pengine makumi. Wote ni nakala ya mama. Kwa hiyo jike mmoja tu akitumbukia ziwani, ukoo umeanza. Maji yakipungua, hufunga mlango wa gamba kwa kifuniko kigumu na kusubiri.

Kuna pia jambo la vimelea. Jamaa zake wa asili wa Ziwa Nyasa hushambuliwa na minyoo bapa, na konokono aliyeambukizwa minyoo wa aina hiyo mara nyingi huishia kuwa tasa. Utafiti wa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mvamizi ana ukinzani dhidi ya mnyoo wa huko anayewasumbua wenyeji. Mwenyeji anaugua, mgeni anazaa.

Vuka Atlantiki sasa, habari inageuka. Katika kisiwa cha Martinique, kichocho cha matumbo kilienezwa na konokono wengine, Biomphalaria, waliojaa kwenye mashamba ya mboga zinazolimwa majini. Mwaka 1983 watafiti walimwachilia Melanoides humo kwa makusudi, na baada ya muda mfupi Biomphalaria wakatoweka katika mashamba hayo. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo ilivyokuwa.

Je, tumtumie na sisi? Tunaye tayari. Katika Ziwa Victoria, Melanoides na Biomphalaria wanaishi pamoja, na kichocho kipo palepale. Dawa ya kisiwani haikuwa lazima iponye bara. Tena ana madhara yake: huko Texas, alikoripotiwa miaka ya 1960 na anakohusishwa na biashara ya samaki wa mapambo, hubeba mnyoo wa Asia anayeharibu matamvua ya samaki. Miongoni mwa waathirika ni samaki mdogo wa Mto Comal ambaye tayari yumo hatarini kutoweka.

Biashara hiyo ipo Dar es Salaam, Nairobi na Kampala pia. Ukinunua mimea ya kuweka kwenye tangi la samaki, kagua mizizi yake kwa makini, maana kitoto cha milimita moja hujificha humo bila shida. Na siku ya kusafisha tangi, usimwage maji yake mtoni, ziwani wala kwenye mtaro unaoelekea huko. Konokono na mimea usiyoitaka imwagie kwanza maji yanayochemka, ndipo uitupe jalalani.